Mémoire 44 mezani kwetu Katuba: kanuni chache, vita vinatosha

Mchezo wa vita nitaupima hivi: je, mgeni anaweza kuanza kucheza kabla umeme haujakatika? Hapa Lubumbashi swali hilo si la mzaha. Mémoire 44, mchezo wa ubao wa Vita vya Pili vya Dunia, umefaulu.

Umebuniwa na Richard Borg, ulitoka mwaka 2004, na unachezwa na watu wawili. Ndugu yangu alinitolea Brussels, kijitabu kikiwa cha Kifaransa, kwa hiyo lugha haikutusumbua. Ubao una visanduku vya pembe sita na umekatwa sehemu tatu: kushoto, katikati, kulia. Kikosi cha askari wa miguu kina sanamu nne, cha vifaru kina tatu, cha mizinga kina mbili. Kikosi cha askari kikimshambulia adui aliye jirani kinarusha dadu tatu, adui akiwa visanduku viwili, dadu mbili, vitatu, moja. Mtoto anayejua ludo hahitaji maelezo zaidi.

Utamu wote uko kwenye karata. Kila zamu unatoa moja, nayo inakuambia, kwa mfano, uamrishe vikosi viwili vya kushoto. Kama mkononi huna karata ya kulia, askari wako wa kulia watapigwa nawe unawatazama tu. Mpwa wangu alikasirika: "Mjomba, hawa hawasikii? Si wako hapa mbele yangu?" Kwangu mimi hapo ndipo mchezo unasema ukweli. Kamanda haamrishi kila mtu kila saa. Redio inakufa, mjumbe hafiki. Borg hakuandika kurasa za kanuni kuhusu redio. Alikunyima karata, basi.

Ubishi huu wa ukweli na wepesi ni wa zamani. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, ufalme wa Wajerumani wa zamani, Reisswitz, alitoa mchezo wa kufundishia maofisa, wenye mwamuzi na majedwali ya hesabu. Mwaka 1876 Verdy du Vernois, naye ofisa wa Prussia, akataka majedwali yawekwe kando, mwamuzi aamue kwa uzoefu wake. Halafu kuna mchezo wa The Campaign for North Africa wa mwaka 1979, ambao unahesabu hata maji ya ziada ya kuchemshia tambi za Waitalia. Huo sitaugusa.

Sasa yanayonikera. Kikosi kilichobaki na askari mmoja kinarusha dadu zilezile kama kikiwa kizima. Tulijaribu kanuni yetu ya nyumbani: ukipoteza mtu, unapunguza dadu. Kwa akili ni sawa kabisa, ila mchezo ulikufa. Aliyepiga wa kwanza alishinda, mwenzake akabaki kusukuma sanamu akingoja kumalizwa. Tukairudisha ya kitabuni. Uongo huo mdogo ndio unaompa anayeshindwa sababu ya kubaki kitini.

Kuhusu mafuta sina huruma hiyo. Mapigano ya ndani ya boksi ni ya mwaka 1944, mwaka ambao vifaru vya Patton, jenerali wa Marekani, vilisimama Ufaransa kwa kukosa mafuta, lakini mezani vinatembea visanduku vitatu kila vinapoamrishwa. Karata moja tu ingetosha.

Jirani yetu mmoja, mama aliyekuja kutoka Kivu, mashariki mwa nchi kwenye vita, alisimama akatutazama, akauliza: "Na raia wako wapi?" Nikamwonyesha mji: kipande cha karatasi ngumu kinachompunguzia mshambuliaji dadu. Hakusema kitu. Tangu hapo, mtu akinisifia mchezo kwamba ni "wa kweli" kwa kuwa unatofautisha aina za vifaru, namsikiliza nusu.

Boksini hakuna vita vya wazee wetu. Force Publique, jeshi la Kongo la enzi za Wabelgiji, ilikwenda hadi Saïo, Ethiopia, na Waitalia wakasalimu amri huko Julai 1941. Tunajitengenezea ramani yake kwa vipande vilevile, vilima na misitu vimo tayari. Tumekwama kwenye njaa na mvua, maana askari wale waliteswa navyo kuliko risasi. Mpwa anataka kila kimoja kiwe na kanuni yake. Nimemruhusu kanuni moja, achague mwenyewe, na hadi sasa ameng'ang'ania mbili.