Mfumo wa sauti wa kifahari uliokuja na gari: uboreshe kwa kuanzia wapi?

Kama gari lako lilitoka kiwandani na mfumo wa Bose, Harman Kardon, JBL au Mark Levinson na bado muziki haukuridhishi, ushauri utakaousikia kwanza ni kubadilisha spika. Kwa gari lenye redio ya kawaida huo ni ushauri mzuri. Kwa gari lenye mfumo wa kifahari, mara nyingi unatoa pesa na kuishia na sauti dhaifu kuliko ya mwanzo, ndiyo maana katika orodha hii spika ziko karibu na mkiani.

Mifumo hii hutengenezwa ikiwa kitu kimoja. Bose walianza na General Motors kwenye magari ya modeli ya 1983, na wazo lao ndilo linalotumika hadi leo: spika, amplifaya na marekebisho ya sauti hupangwa pamoja kwa ajili ya gari fulani tu. Amplifaya iliyofichwa chini ya kiti au pembeni mwa buti inaijua kila spika ina udhaifu gani, na inaufidia. Ukiitoa spika hiyo ukaweka nyingine, amplifaya itaendelea kufidia udhaifu ambao haupo tena.

Kabla ya kununua chochote, rudisha besi na treble katikati, zima athari zote za sauti ya kuzunguka, kisha cheza muziki kwa waya wa USB badala ya Bluetooth. Sikiliza hivyo kwa siku kadhaa ndipo uamue kinachokosekana. Wengi hugundua kwamba wanachokikosa ni besi.

1. Sabufa yenye amplifaya yake

Hii ndiyo naiweka juu kabisa. Spika za milangoni, hata zenye jina kubwa, haziwezi kusukuma hewa ya kutosha kwenye masafa ya chini, na kiwanda kinalijua hilo. Kwa hiyo redio nyingi hupunguza besi kimyakimya kadiri unavyoongeza sauti, ili spika zisipasuke. Jaribu mwenyewe: cheza wimbo wenye besi nzito kwa sauti ndogo, kisha pandisha taratibu. Ukifika juu, waimbaji na vinanda vinazidi kuja mbele huku besi ikibaki nyuma.

Sabufa ikishachukua mzigo huo, spika za milangoni hufanya kazi wanayoiweza na mfumo mzima unasikika mkubwa zaidi. Kwa mwenye kuhitaji buti lake, sabufa bapa ya chini ya kiti inatosha. Mwenye nafasi achukue boksi lililofungwa lenye spika ya sentimita 25 au 30. Boksi lenye tundu linapiga kwa nguvu zaidi, lakini kwa sikio langu lile lililofungwa linaenda vizuri zaidi na ngoma na gitaa la besi.

Mawimbi ya sauti ya kulisha sabufa utayapata kwenye nyaya za spika kupitia kifaa cha kubadilisha kiwango, kinachoyashusha hadi nguvu ambayo amplifaya ya sabufa inaweza kuipokea. Tafuta chenye uwezo wa kurudisha besi iliyokatwa na redio, kama LC2i ya AudioControl. Jambo moja la kuangalia: magari mengi ya kifahari yana maikrofoni darini za kuzuia kelele za injini. Mfumo huo ukiisikia sabufa mpya unaweza kuidhania ni kelele, na ukaanza kutoa mvumo mzito usiokwisha. Fundi anayeyajua magari haya atakuuliza habari za maikrofoni hizo kabla hujamwambia.

2. Kutuliza milango

Fungua paneli ya mlango kisha gonga bati la nje kwa kidole. Likilia kama debe, ujue linalia hivyo kila spika inapopiga. Shiti za butili (mpira mzito unaonata) zenye foili ya alumini, zilizobandikwa kwenye bati na kukandamizwa kwa rola hadi zishike, hulifanya ligonge kwa sauti fupi na nzito. Si lazima ufunike mlango mzima. Usizibe matundu ya kutolea maji chini ya mlango. Kazi hii haileti sifa mbele za watu, lakini haigusi waya hata mmoja na faida yake unaisikia hata redio ikiwa imezimwa.

3. Amplifaya yenye prosesa ya sauti

Kwa ubora wa sauti hii ingekuwa namba moja. Nimeishusha kwa sababu ya gharama na kwa sababu inamhitaji fundi anayejua kupima. Prosesa, ambayo kwenye maboksi huandikwa DSP, hupokea sauti ya kiwandani, huifuta marekebisho yake na kuipanga upya kwa spika moja moja. Kubwa zaidi ni kuchelewesha sauti. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde, na dereva hakai katikati: spika ya upande wake ikiwa karibu kwa nusu mita, inamfikia karibu milisekunde moja na nusu mapema. Prosesa huichelewesha hiyo ya karibu, na mwimbaji anahama kutoka mlangoni hadi katikati ya dashibodi. Ukishalisikia hilo mara moja, ni vigumu kurudi ulikotoka.

Ugumu uko kwenye kuunganisha. Magari mengi ya Kijerumani hupeleka sauti kwa nyaya za faiba, zinazoibeba kama mwanga, na humo hakuna waya wa spika wa kudaka kabla ya amplifaya. Ukidaka baada ya amplifaya, unakuta sauti tayari imegawanywa, twita (spika ndogo ya sauti za juu) peke yake na besi peke yake, na ni lazima iunganishwe tena. Match, Helix, JL Audio na Audison wana vifaa vya kazi hii, na Match wana vinavyochomekwa kwenye soketi za gari bila kukata waya. Hakikisha pia milio ya sensa za kuegesha na sauti ya simu haipotei. Na kama fundi hana maikrofoni ya kupimia na kompyuta, usinunue kifaa hiki.

4. Spika peke yake

Chukua mita ya umeme, chomoa spika ya kiwandani na upime ukinzani wake, unaosomwa kwa omu. Spika ya omu 4 husoma zaidi kidogo ya 3. Ukisoma chini ya 2, basi mfumo wako unatumia spika za omu 2, nazo spika nyingi za madukani ni za omu 4. Ukiweka hizo, amplifaya itatoa karibu nusu ya nguvu, yaani desibeli 3 pungufu. Nunua spika tu ikiwa ya zamani imechanika, na uchague yenye omu zilezile.

5. Kubadilisha redio

Achana nayo. Kwenye magari ya siku hizi redio imeshikana na kamera, kiyoyozi na mipangilio ya gari.

Chochote utakachochagua, soma wati za RMS, yaani nguvu ambayo kifaa hutoa mfululizo, na upuuze namba kubwa zilizochapwa nje ya boksi. Alama ya CTA-2006, kiwango cha kupima nguvu za amplifaya za magari, inamaanisha nguvu imepimwa kwa volti 14.4 na mkwaruzo usiozidi asilimia 1. Waya mkuu wa umeme uwe shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba. Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 45, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya usiwake moto. Waya wa ethi uwe mfupi na ufungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Na mwambie fundi asitupe alichokitoa: amplifaya ya kiwandani na skrubu zake zihifadhiwe, maana atakayelinunua gari anaweza kutaka kila kitu kirudi kama kilivyokuwa.