Mhadhara wa Bagamoyo kuhusu mabibi waliogharimia watawa

Kikundi kimoja cha waongoza watalii hapa Bagamoyo kimeongeza, katika ziara yake ya eneo la misheni ya Wakatoliki, mhadhara wa picha kuhusu wanawake wa koo za kitawala waliogharimia mashirika ya kitawa huko Ulaya katika karne ya 16 na ya 17. Kiingilio ni shilingi 15,000, pamoja na chai na vitumbua, na fedha hiyo haipotei bure.

Kilichonivutia zaidi ni kisa cha Ana de Mendoza, bibi wa Éboli. Mwaka 1569 yeye na mumewe walimwezesha Mtakatifu Teresa wa Avila kufungua nyumba ya masista Wakarmeli huko Pastrana, Hispania; mumewe alipofariki mwaka 1573 naye akaingia utawani, lakini akaendelea kutaka kutumikiwa na kunyenyekewa kama alivyozoea, hata mwaka uliofuata masista wakaihama nyumba yenyewe na kwenda Segovia. Mwongozaji alilisimulia hilo bila kulipamba, akafafanua kwamba mfadhili hakuwa akitoa mali burebure, kwani aliweza kudai misa za kumwombea, kaburi ndani ya kanisa, nembo ya ukoo wake ukutani, na pengine haki ya kuteua wasichana wa kupokelewa bila mahari ya utawa, yaani mali ambayo msichana alitakiwa kuipa nyumba ya watawa alipoingia.

Juana wa Austria, binti wa kifalme wa Hispania, alipitiwa haraka mno, ingawa ndiye mwanamke aliyepokelewa kwa siri mwaka 1554 na Wajesuiti, shirika la watawa wa kiume, akiandikwa kwa jina la kiume la Mateo Sánchez, huku akiitawala Hispania kwa niaba ya kaka yake. Kisa kama hicho kupewa picha moja tu ni ubahili!

Kasoro kubwa ni pale mwongozaji alipodokeza kwamba mali ya mabibi hao ndiyo iliyojenga misheni ya Bagamoyo. Shirika la Roho Mtakatifu, lililoijenga misheni hiyo, lilianzishwa Paris mwaka 1703, na mapadre wake walifika hapa mwaka 1868. Bibi wa Aiguillon, aliyegharimia hospitali ya masista huko Québec na ambaye mwongozaji alimtaja kwa mkazo, alifariki mwaka 1675, kabla hata shirika hilo halijaanzishwa. Dai hilo liondolewe, na muda wake apewe Juana. Atakayekwenda achague awamu ya jioni, kwa sababu asubuhi mwanga wa madirishani huzififisha picha ukutani.