Maghala ya zamani: Albert Dock au Speicherstadt?

Watu wanazichanganya sana hizi mbili, zote ni matofali mekundu na maji chini, lakini ukikaa ukaangalia vizuri ni mambo tofauti kabisa.

Albert Dock ya Liverpool, Uingereza, ilifunguliwa 1846, na injinia wake Jesse Hartley alikuwa na adui mmoja tu, moto. Maghala mengi enzi zile yalikuwa na nguzo na sakafu za mbao, ndani pamba, sukari, pombe kali, cheche moja tu na kwisha habari. Jamaa akajenga kwa chuma, matofali na mawe, mbao kwenye muundo akazitupilia mbali, halafu meli ikawa inashusha mzigo mlemle ghalani. Zile nguzo nene za chuma pale chini zina ubabe fulani hivi.

Speicherstadt ya Hamburg, Ujerumani, ni ya baadaye, ilianza kujengwa 1883, na cha ajabu imesimama juu ya magogo yaliyopigiliwa kwenye tope! Huku mfereji, kule barabara, kapi juu darini zilikuwa zinavuta magunia ya kahawa. Kwa urembo inashinda, ina vimnara na mapambo ya kigothi kama kanisa, ila kuipisha walihamishwa watu kama 20,000, hilo husemwa kidogo.

Kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, Hamburg iliingia 2015, Liverpool ikaondolewa 2021. Mimi bado niko na Hartley.