Nilipeleka mtoto wa sungura mwenye jicho bovu, nikachekwa kaunta

Duka hili la dawa za mifugo nimelizoea. Pumba nanunua hapo, dawa ya minyoo hapo, tangu nina sungura wawili tu nyuma ya jiko hapa Morogoro. Sasa basi, sirudi. Au nitarudi, lakini si kuhudumiwa na yule kijana.

Ilikuwa kipindi cha mvua. Jike wangu alizaa watoto saba. Watoto wa sungura hufumbua macho kati ya siku ya 10 na ya 12. Siku zikapita, wanne wananitazama, watatu bado wamefumba, na mmoja kope limevimba kama punje ya maharage. Hapo usaha umeshajikusanya ndani, na ukingoja jicho lifunguke lenyewe linaweza kuharibika moja kwa moja. Nikamtia kwenye boksi la viatu, nikamfunika kipande cha kanga, nikapanda bodaboda.

Kijana yuko kaunta, macho kwenye simu. Namwambia kaka, nina mtoto wa sungura hafumbui macho. Hakuinua hata kichwa.

"Mama, huyo si wa kuchinja? Macho ya nini?"

Wateja wakaangua kicheko. Mimi nimeshika boksi langu kama mjinga. Hakulifungua, hakuuliza ana siku ngapi. Akavuta kichupa rafuni, matone mawili asubuhi na jioni, lete hela.

Nimetoka nje natetemeka kwa hasira, binti anayepanga magunia akanifuata. "Shikamoo mama. Hebu nione hiyo." Akasoma lebo. Humu ndani mna deksamethasoni, steroidi ya kutuliza uvimbe, akasema, na dawa ya namna hiyo haiwekwi kwenye jicho ambalo hakuna aliyelikagua. Kama kioo cha jicho kina kidonda, itakizidisha. Akaniambia ninunue tyubu ya macho ya tetrasaiklini kwenye duka la dawa za watu, na nisije nikawanywesha amoksilini hata mtu akinishauri, maana sungura huvurugika utumbo mpaka akafa. Haya yote kayasema amesimama juani, mikono imejaa vumbi la pumba. Aliyelipwa kuyajua yuko ndani anachati.

Nyumbani nikachemsha maji nusu lita na chumvi kijiko kimoja cha chai, yakapoa hadi vuguvugu. Nikamlaza mtoto kiganjani, pamba juu ya jicho, nikangoja tongotongo zilainike. Sikuvuta kwa nguvu, nisije nikachana kope. Lilipoachia, kikatoka kitu cheupe kizito kama dawa ya meno. Nikafuta, nikapaka ile tyubu, wote watatu hivyohivyo, mara tatu kwa siku kwa wiki nzima. Wawili wamepona kabisa. Yule wa maharage anaona, ila jicho lina wingu. Kama ningefika siku mbili kabla, nani ajuaye.

Na hapa lazima niseme ukweli ingawa unaniuma. Yule binti aliniuliza swali moja zaidi: "Kiota chao kikavu, mama?" Sikumjibu. Nilipofika nikaingiza kichwa kwenye kile kisanduku, harufu ya mkojo ikanitoa machozi mimi mtu mzima. Maranda yameloa, mvua imepenya pembeni, na sikuwa nimebadilisha tangu wazaliwe. Nimetoboa chini vitundu vya kupitisha mkojo, nimeweka nyasi kavu, na nikiona unyevu natoa siku hiyohiyo. Uzao uliofuata wote walifumbua kwa wakati.

Kwa hiyo kosa la kwanza ni langu. Lakini hilo halimpi yeye ruhusa ya kunicheka! Duka hili nalipatia nyota moja. Basi, mbili, kwa ajili ya binti.

Juzi pumba ziliniishia nikapita pale. Binti hayupo. Kijana akanitambua, anatabasamu: "Mama, yule sungura ulishamchinja?" Nikalipa, nikabeba gunia langu mwenyewe.