Futility ya Morgan Robertson: angalia kwanza ni toleo la mwaka gani

Riwaya hii fupi, inayosemwa kuwa ilitabiri kuzama kwa Titanic, haki miliki yake imekwisha, kwa hiyo usiinunue. Ipo bure mtandaoni. Ila kabla hujaanza kusoma, nenda moja kwa moja pale meli iitwayo Titan inapovamia siwa barafu ndani ya ukungu. Ukikuta uzito wa tani 45,000, hilo ni andiko la 1898. Ukikuta tani 75,000, umeshika toleo la 1912, lililotoka Titanic ikiwa imeshazama, namba zikiwa zimeongezwa. Hili la pili ndilo lililoenea zaidi, nalo halifai kabisa kwa kupima kama mwandishi alitabiri.

Andiko la kwanza nalo linashtua: meli ya futi 800, inayosifiwa kwamba haizami, inapotea mwezi wa Aprili katika Atlantiki ya Kaskazini. Titanic ilikuwa na futi 882. Lakini utamu wenyewe uko sura ya kwanza, penye hesabu ya vyombo vya kuokolea. Vitanda 3,000, kila kimoja na jaketi lake la kuelea kwa kuwa sheria imetaka; mashua 24 tu, za kubeba watu 500 kwa jumla.

Hiyo si ramli. Robertson alikuwa mtoto wa nahodha na baharia mwenyewe, akijua wenye meli hutimiza sheria hadi wapi. Kanuni za Uingereza za 1894 zilipanga idadi ya mashua kwa ukubwa wa meli, na jedwali likakomea tani 10,000: kuanzia hapo, mashua 16 zilitosha. Meli zikazidi kukua, jedwali halikuguswa. Titanic, ya tani 46,000, ilibeba hizo 16 na nyingine 4 za kukunja, nafasi 1,178 kwa watu wapatao 2,200.

Pasipofanana napo pana maana. Titan inapanda juu ya barafu na kulala ubavu, wanapona 13. Titanic ilipasuliwa ubavuni ikajaa maji polepole.

Baada ya meli kuzama hadithi inalegea: pigano na dubu, kisha mabishano marefu ya bima London, na mhusika Myahudi aliyechorwa kwa dharau isiyovumilika. Soma hadi meli izame, kisha rudi sura ya kwanza uhesabu tena mashua.