Usiku 5 kwenye nyumba ya magogo ziwani, karibu na Ely, Minnesota: uzoefu wangu

Naipa nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja niliyoiondoa nitaieleza, maana ilitunyima usingizi.

Tunaishi Brooklyn Park, kando ya Minneapolis. Kila kiangazi wenzangu kazini wanaenda kaskazini ziwani, sisi tunabaki. Mwaka huu mama yangu alikuja kututembelea kutoka Mombasa, watoto watatu wamefunga shule, nikamwambia baba watoto nasi twende. Tulikodi wiki ya kwanza ya Julai: vyumba viwili, roshani ya watoto kulala, jiko la gesi, mtumbwi na gati. Jumla dola 1,080 pamoja na ada ya usafi.

Hadi Ely ni mwendo wa saa nne kwa barabara ya 53 kisha ya 169, na njia ni nzuri. Tangazo lilisema nyumba iko karibu na mji. Kutoka Ely tuliendesha dakika 45, nusu yake changarawe, na simu zikapoteza mtandao kabla hatujafika. Kwa hiyo dawa, maziwa ya mtoto na nyama ya halali chukueni nyumbani kabisa. Nyama yetu tuliigandisha siku mbili kabla, ikafika bado ngumu kwenye boksi la barafu.

Maji ya ziwa yana rangi ya turungi, si buluu kama pichani. Yanapita kwenye vinamasi yakachukua rangi ya majani na mizizi iliyooza, lakini ukiyachota kwenye glasi ni maangavu. Mama alichuchumaa gatini, akachota kwa kiganja, akaonja kwa ncha ya ulimi. Maisha yake yote ameishi hatua chache kutoka baharini. "Maji yote haya, na hayana chumvi," akasema, akavua viatu, akatia miguu.

Wanaoswali wajue kwamba Julai jua la huko linakuchwa karibu saa tatu usiku. Isha inakaribia saa tano, na Alfajiri haikawii. Tuliwaacha watoto walale mchana, na ndiyo maana waliweza kukaa macho kumsikia loon, ndege wa jimbo la Minnesota. Ana macho mekundu, na vifaranga wake hupanda mgongoni kwa mama wakiwa majini. Sauti yake ya usiku ni ndefu, inapanda kama mtu anayeita ng'ambo ya maji, halafu mwingine anaitika mbali. Binti yangu alinishika mkono mara ya kwanza. Usiku wa tatu yeye ndiye aliyetuamuru tunyamaze.

Utulivu huo una sababu. Nyumba inapakana na hifadhi ya Boundary Waters, iliyolindwa kwa sheria ya 1964 na nyingine ya 1978. Ina maziwa zaidi ya 1,000, na mengi ni marufuku kwa boti za injini. Kulala humo kunahitaji kibali ulichoomba mapema. Kuingia na mtumbwi na kutoka siku hiyohiyo, unajaza fomu mwenyewe pale pa kuingilia, bila malipo. Sisi tuliingia siku moja, na ilitutosha.

Baba watoto alikata leseni ya kuvua (watoto wa chini ya miaka 16 hawaihitaji) na jioni ya pili akapata walleye wawili. Samaki huyu ana macho makubwa yenye ukungu, yanaona vizuri kwenye giza, ndiyo maana anakula chambo jua likishazama. Mama alimgeuza chini ya tochi, akasema ana mtoto wa jicho. Kisha akampaka kitunguu thomu, pilipili na ukwaju aliotoka nao Mombasa, akamchoma juu ya moto wa kuni, akammalizia kwa tui la kopo. Nyama yake ni nyeupe, haina harufu, miiba michache. Sijala samaki wa kupaka mtamu kama ule tangu nihamie Marekani. Mabaki tulifungia kwenye pipa la chuma lenye komeo, maana dubu weusi wapo.

Sasa ile nyota. Nyavu za madirisha ya chumba cha wakubwa zilikuwa zimetoboka, na mbu wa Julai kule hawasamehe. Usiku wa kwanza hatukulala. Usiku wa pili Mama alitoa sindano na uzi mweusi mkobani, mjukuu wake akamshikia tochi, akaushona wavu wote mshono mdogomdogo kama anashona leso. Haikupasa mgeni wa miaka 71 afanye kazi hiyo kwenye nyumba tuliyoilipia. Pampu ya maji nayo ilizima siku ya pili. Baba watoto aliendesha hadi alipopata mtandao, mwenye nyumba akaja jioni ileile, akabadilisha swichi, akaomba radhi. Hilo namshukuru. Nyavu aliahidi, hakuleta.

Jaketi za kuokolea za wakubwa zilikuwepo, ya mtoto wa miaka 5 haikuwepo. Sheria ya Minnesota inamtaka mtoto wa chini ya miaka 10 aivae chombo kikiwa majini, basi tukarudi Ely kununua. Na kila jioni wakagueni watoto kupe, nyuma ya magoti na kwenye nywele. Kupe wadogo wa huko wanaeneza ugonjwa wa Lyme.

Kabla ya kulipa, mpigieni mwenye nyumba, mumwombe picha za nyavu na muulize habari ya pampu. Amana ya mwakani tumeshalipa, wiki ya mwisho ya Agosti, mbu wakiwa wamepungua. Mama atakuja na neti mbili kutoka Mombasa, na ukwaju.