Mlingoti wa Bendera katika Super Mario Bros.: Uzoefu Wangu

Hatua nyingi za Super Mario Bros., mchezo wa video uliotolewa na Nintendo mwaka 1985, humalizika kwa kurukia mlingoti wa bendera, isipokuwa zile za ngome ambako mchezaji hugusa shoka na daraja likaporomoka pamoja na Bowser, adui mkuu wa mchezo. Baada ya kuucheza kwa miaka mingi, nauona mlingoti huo kuwa mwisho wa hatua uliobuniwa vizuri kuliko mingi niliyokutana nayo, ingawa una dosari moja.

Uzuri wake ni kwamba haumwangushi mtu. Yeyote atakayeugusa amefaulu, lakini anayeudaka karibu na mguu wa mlingoti hupata pointi 100, ilhali anayeudaka kileleni hupata 5,000. Katika hatua ya 1-1, yaani ya kwanza kabisa, kuna ngazi ya matofali mbele yake, na hapo ndipo umahiri hujulikana: anayesimama juu ya ngazi kisha akaruka huenda akatua chini kabla ya kuufikia, kwa kuwa mruko wa Mario, mhusika anayeendeshwa na mchezaji, hutegemea kasi aliyokuja nayo. Inabidi kitufe cha B kishikiliwe ili akimbie, kisha A kibonyezwe ukingoni mwa tofali la mwisho, bila kukiachia mapema.

Kuna pia fataki, ambazo wachezaji wengi huzidhani kuwa za bahati nasibu. Hulipuka iwapo tarakimu ya mwisho ya saa ya mchezo, inayohesabu muda uliosalia, wakati wa kuugusa mlingoti, ni 1, 3 au 6, na idadi yake hulingana na tarakimu hiyo, kila moja ikileta pointi 500. Kwa kuwa kila kipimo cha muda uliosalia huleta pointi 50 tu, kungoja saa ishuke kutoka 249 hadi 246 kunapoteza 150 na kuleta 3,000. Shida ni kwamba anayengoja juu ya ngazi hupoteza kasi, na pengine zile 5,000 pia. Ndiyo maana mimi hungojea nyuma zaidi, nikaanza kukimbia kabla tarakimu niitakayo haijafika. (Wanaoshindania kumaliza mchezo upesi huzikwepa fataki hizo, kwani huchelewesha hatua inayofuata.)

Dosari niliyoitaja ni kwamba pointi zote hizo hazinunui chochote. Sarafu 100 humpa mchezaji uhai wa ziada, lakini pointi, hata zikirundikana namna gani, hazimpi, hivyo aliyedaka kilele na aliyedaka mguu huingia hatua inayofuata wakiwa sawa. New Super Mario Bros. ya mwaka 2006 ilirekebisha jambo hilo kwa kutoa uhai kwa anayefika kileleni, na kwa maoni yangu hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo.